Duru Zangu za Kuaminika

Jumatatu, 3 Machi

Mzee wa Dunia anastaafu! Ametangaza kwenye kikao cha asubuhi, katikati ya ubishi wa nani kamaliza karatasi za printa. Miaka ishirini na sita ameongoza dawati la habari za kimataifa, na nchi ya mbali kabisa aliyowahi kufika ni ile iliyo ng'ambo ya mto. Kiti chake kiko dirishani. Kina magurudumu matano, yote mazima. Changu kina manne na kipande cha tofali.

Nafasi ni yangu. Sisemi kwa majivuno. Nimeripoti siasa za hapa nyumbani miaka kumi na miwili. Nimemwona mbunge mmoja akizindua daraja lile lile mara tatu, na mara zote tatu nimeandika kwamba wananchi walishangilia. Nimepigwa viwiko na walinzi wa mawaziri wanne. Inafika mahali mtu anastahili kupewa dunia.

Mpinzani ni mmoja tu. Tunamwita Kamusi, kwa sababu anajua lugha tano na hasemi sana hata moja. Miaka mitano tu kazini. Ana tabia mbaya ya kupiga simu kuuliza kama habari ni ya kweli kabla hajaiandika. Anachelewesha gazeti zima.

Mhariri Mkuu wetu ni Mkasi. Jina hilo kalipata kwa sababu hajawahi kukutana na aya asiyotaka kuikata. Amesema atachagua mtu mwisho wa wiki ijayo, na kwamba hataki vyeti, anataka kuona nani ana duru za kuaminika. Watu wa ndani. Kamusi akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nikatikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye duru zake zimemchosha.

Sina hata duru moja.

Jumanne, 4 Machi

Mtu wa kimataifa lazima aonekane wa kimataifa. Nimetundika saa tatu za ukutani juu ya meza yangu. Chini ya kila moja nimebandika karatasi yenye jina la mji mkuu wa mbali. Chumba kizima cha habari kikanyamaza. Dalili nzuri.

Kamusi akapita na chai yake, akatazama, akasema kwa upole kwamba mji wa katikati uko mbele yetu kwa saa mbili, si nyuma. Nikamwambia huo ni wakati wa majira ya baridi. Akasema mji huo hauna majira ya baridi. Nikajitia sijasikia.

Mchana nikakosa mkutano wa Waziri wa Fedha na waandishi. Nilipoinua macho kuangalia saa, niliangalia mji wa kushoto, ambako kulikuwa hata hakujapambazuka. Nilipofika ukumbini, wahudumu walikuwa wanakunja viti. Nikaomba nakala ya hotuba kwa mhudumu mmoja, akanipa menyu.

Nyumbani nimemweleza mke wangu mipango yangu yote. Yeye ni mwalimu wa jiografia. Aliendelea kusahihisha madaftari, kisha akauliza ni bara gani litakaloanza kupata hasara. Sijacheka.

Jumatano, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Leo nimepata duru. Ilikuwa imekaa sebuleni kwangu miaka yote hii, inakunywa chai.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni dereva wa Balozi. Miaka tisa. Nchi ya Balozi huyo ni ndogo mno. Mke wangu huwaonyesha wanafunzi kwa ncha ya sindano, kwa sababu ncha ya kalamu huifunika yote. Lakini ubalozi ni ubalozi.

Jumatano ni siku yake ya mapumziko. Alikuja kumwona dada yake, na alikuwa na wasiwasi. Alisema Balozi amebadilika. Siku tatu hasemi neno garini. Chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Amefunga masanduku mawili makubwa ya bluu. Picha zote sebuleni zimeshushwa ukutani. Na juzi, akiwa kwenye simu na watu wa kwao, alisema kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho kwamba hawezi kuvumilia tena.

Shemeji anaogopa Balozi akiondoka, ajaye atakuja na dereva wake. Ana watoto watatu shuleni. Akatuomba maneno hayo yaishie hapo hapo sebuleni.

Nikaapa. Kisha nikaenda jikoni mwenyewe, nikamchemshia chai ya pili, nikamtilia sukari, nikamkorogea. Nikauliza masanduku yalikuwa ya ukubwa gani. Nikauliza picha zilikuwa ngapi. Mke wangu akaniangalia kwa jicho la kusahihishia mitihani. Akaniuliza nataka nini kwa mdogo wake.

Nikasema nataka tu kujua hali yake. Ndugu ni ndugu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika. Maneno mia sita kwa kikao kimoja. Sijawahi.

Kazi ilikuwa kumpa shemeji cheo. Siwezi kuandika "dereva." Heshima ya habari inashuka. Nikaandika "mwanadiplomasia aliye karibu sana na Balozi." Nusu yake si uongo. Kutoka kiti cha mbele hadi kiti cha nyuma haizidi hatua moja.

Mimi ni mtu makini. Nilitia "huenda" tatu, "inasemekana" mbili, "haijathibitishwa" moja na "baadhi ya wachunguzi wanadhani" moja. Jumla saba. Nilizivaa kama mtu anavyovaa makoti kwenye baridi. Nikampelekea Mkasi.

Kumbe kulikuwa na tangazo la magodoro lililohitaji nafasi zaidi ukurasa wa mbele. Mkasi akakata kwa haraka yale aliyoona hayana kazi. Yaani zile saba zote. Iliyobaki ikawa habari kamili: Balozi ameitwa nyumbani. Uhusiano wa nchi mbili uko mashakani. Nukta.

Nikasema labda "huenda" moja ibaki, kwa adabu. Mkasi akasema msomaji halipi ili aambiwe huenda.

Kamusi alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kama nimepiga simu ubalozini. Nikamweleza, kwa subira, kwamba katika mambo mazito ya kidiplomasia simu huharibu. Ukiwapigia wanakanusha. Wakikanusha huna habari. Akanitazama kwa muda, kama anayetafuta neno katika lugha zake zote tano. Halafu akaenda zake.

Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa wa mbele! Jina langu juu ya magodoro!

Muuza magazeti wa kona aliniuliza kama ni mimi. Nikamwambia ni mimi. Akasema picha yangu inanizeesha. Redio mbili zimesoma kichwa cha habari. Mkasi amenipita kwenye korido akanigusa bega. Katika miaka kumi na miwili amewahi kunigusa mara moja tu, na siku ile alidhani mimi ni fundi wa umeme.

Mchana televisheni ilimleta mtaalamu wa mahusiano ya kimataifa. Mtu wa tai. Akaeleza kwamba mgogoro huu ulitarajiwa, kwamba mizizi yake ni mkataba wa uvuvi uliovunjika miaka thelathini iliyopita, na kwamba yeye aliuona ukija. Nilichukua daftari nikaandika kila alichosema. Nimejifunza mengi kuhusu habari yangu mwenyewe.

Mke wangu amepiga simu kutoka shuleni wakati wa mapumziko. Alikuwa ameona gazeti kwenye chumba cha walimu. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu: huyo mwanadiplomasia aliye karibu sana na Balozi ana watoto wangapi?

Nikamwambia laini inakatika.

Jumamosi, 8 Machi

Habari yangu imethibitishwa.

Imetokea hivi. Gazeti la nchi ya Balozi limeandika kwamba, kwa mujibu wa gazeti moja la huku, Balozi wao anarudishwa. Gazeti hilo moja la huku ni sisi. Mkasi akapiga meza kwa furaha, nasi tukaandika kwamba vyombo vya habari vya nchi ya Balozi vimethibitisha ripoti yetu. Kamusi akasema hiyo ni sawa na kujipigia simu mwenyewe na kujiambia uko sahihi. Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa na kazi.

Mbunge wa upinzani ameitaka serikali itoe tamko. Wizara ya Mambo ya Nje imesema haina taarifa. Tukaandika: wizara yakwepa. Kisha wizara ikasema kwa ukali zaidi kwamba haina taarifa kwa sababu hakuna jambo lolote. Tukaandika: wizara yachanganyikiwa.

Mkasi ameniita ofisini kwake. Akauliza ningependa kiti cha dirishani kielekee upande gani. Nikasema upande wa dunia. Akacheka. Kiko mkononi.

Nyumbani hakuna anayenisemesha. Chakula nilikikuta mezani kimefunikwa, chumvi mbali, chumba kingine kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja, na Jumapili si siku yake.

Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, kofia ya kazi mkononi. Alisema watu wa kwao Balozi wameleta ofisa wa usalama, mtu mrefu, mpole, mwenye maswali mafupi. Jana yote aliwahoji watu wa nyumbani mmoja mmoja. Mpishi. Mtunza bustani. Yeye. Mtunza bustani ni mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na alilia, kwa sababu hakuelewa anaulizwa nini, akadhani kuna kitu kimeibwa.

"Shemeji," akaniambia, "tuliokuwa ndani ya nyumba ile ni wanne. Watatu sisi, na Balozi. Balozi hajasema na gazeti. Na mimi nilisema hapa."

Nikamwambia sikumtaja. Akasema anajua. Akasema kwamba hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu sasa wanaangaliwa wote watatu, na mpishi hamwangalii tena mtunza bustani usoni.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Mke wangu alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akakaa mwisho wa kochi na madaftari yake. Nikasema nitalitengeneza. Akaniambia kitu nilichoharibu nisikitengeneze, nikiache, nimwite mtu anayejua.

Lakini nimewaza jioni nzima na nimepata njia. Mgogoro niliuanzisha mwenyewe. Nani atanizuia kuumaliza?

Jumatatu, 10 Machi

Nimeleta amani.

Habari mpya: kufuatia mazungumzo ya siri, nchi mbili zimesuluhishana, na Balozi anabaki. Duru zile zile. Safari hii nimeipa duru yangu hata hisia. Imepumua kwa matumaini. Mkasi alisoma amesimama. Akasema mgogoro na suluhu ndani ya siku nne, hajawahi kuona dawati lenye nguvu hivyo. Ofisa wa usalama ataona hakuna tena la kutafuta, ataondoka, mtunza bustani atarudi kwenye maua yake. Sote tumeshinda.

Saa kumi Kamusi akaja mezani kwangu. Akavuta kiti, akakaa, akashusha sauti. Alikuwa amepiga simu ubalozini. Sekretari alikuwa amemjibu mara moja, bila hata kumzungusha.

Balozi anaumwa meno.

Matatu, ya chini, yameoza hadi kwenye mizizi. Ndiyo maana hasemi. Ndiyo maana hali chakula. Alichoshindwa kuvumilia ni jino. Anakwenda kwao wiki tatu kutibiwa, na masanduku ni kwa ajili ya hizo wiki tatu. Picha zimeshushwa ukutani kwa sababu sebule inapakwa rangi. Rangi ya krimu.

Kamusi akasema hajamwambia mtu. Akasema kama nitakwenda kwa Mkasi mwenyewe leo, kabla ya gazeti la kesho kwenda mtamboni, yeye atanyamaza, na habari ya meno nitaiandika mimi.

Nilimshukuru. Nikaenda hadi mlango wa Mkasi. Alikuwa ndani anawaonyesha watu wawili mahali pa kusukumia kile kiti cha dirishani. Nikasimama. Nikahesabu magurudumu. Nikarudi zangu mezani na kumwambia Kamusi kwamba Mkasi ana wageni.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianze wapi.

Suluhu yangu imetoka ukurasa wa mbele. Saa nne asubuhi gari jeusi lenye bendera ndogo likasimama mbele ya ofisi. Nikamwona shemeji akishuka, akizunguka, akifungua mlango wa nyuma. Balozi akatoka, mfupi, nadhifu, leso shavuni. Shavu lake moja lilikuwa mara mbili ya jingine.

Tuliitwa ofisini kwa Mkasi, mimi na Kamusi. Mimi kwa sababu ya habari. Kamusi ili atafsiri. Hakukuwa na haja. Balozi anaongea Kiswahili kizuri kuliko mbunge wa daraja, polepole tu, kwa upande mmoja wa mdomo.

Alisema hakuja kugomba. Alieleza habari ya meno. Mkasi akaanza kuwa na rangi ya sebule ya Balozi. Kisha Balozi akasema gazeti si shida yake kubwa. Watu wa kwao wana hakika kwamba nyumbani kwake kuna anayetoa siri. Wamemwamuru, asipojulikana huyo mtu kufikia kesho, awaondoe wote watatu. Watumishi hao wamekaa naye miaka mingi. Asingependa. Akaniomba kwa heshima jina moja.

Mkasi hakuomba kwa heshima. Alisema nitaje, hapo hapo, na kwamba kiti ninakijua kilipo.

Nilifungua mdomo. Nitakuwa mkweli, daftari hili ni langu peke yangu: jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilijiambia kwamba mmoja akifukuzwa ni afadhali kuliko watatu. Hesabu safi. Na magurudumu matano.

Dirisha la Mkasi linaangalia barabarani. Shemeji alikuwa anafuta kioo cha gari kwa kitambaa. Kioo kilikuwa safi. Alifuta, akatazama juu ghorofani, akafuta tena pale pale.

"Hakuna mtu," nikasema. "Nilitunga. Mwanadiplomasia, masanduku, simu. Nilikaa mezani nikatunga yote."

Jambo la ajabu. Miaka kumi na miwili naandika ukweli, au karibu na ukweli, na Mkasi huwa ananiuliza mara tatu nina hakika gani. Leo nimesema uongo mtupu na akaniamini papo hapo. Hakuuliza swali hata moja. Hata hakushangaa. Imeniuma kidogo.

Kamusi alikuwa ananitazama mdomo wazi. Balozi alikuwa bado na leso shavuni.

"Umetunga vizuri," akasema. "Umetunga mpaka maneno niliyoyasema kwenye simu." Akatazama dirishani kwa muda, akasimama, akanipa mkono. "Nitawaandikia wa kwetu kwamba mwandishi ni mwongo. Ni heri hivyo kuliko mmoja wa watu wangu awe msaliti."

Nilimshukuru kwa kusifu uandishi wangu.

Walipoondoka, Mkasi alisema maneno mengi. Kwa mara ya kwanza hakukata hata moja.

Jumatano, 12 Machi

Kamusi amepewa dawati la kimataifa. Habari yake imetoka leo: Balozi kwenda kutibiwa meno. Aya tatu, kila neno la kweli. Mkasi ameisifu kwenye kikao, halafu akasema kwa huzuni kwamba haina msisimko, akaishusha chini ya magodoro.

Mimi sikufukuzwa. Mkasi alikuwa ameamua, lakini Kamusi alikwenda kuniombea. Sijui alisema nini. Nahisi bado ananiogopa. Nimepelekwa ukurasa wa barua za wasomaji, chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji. Kazi ni kufungua bahasha na kusahihisha hasira za watu. Saa zangu tatu nimekuja nazo. Hapa hakuna misumari.

Shemeji alipita nyumbani jioni. Kazi yake ipo, ya mpishi ipo, ya mtunza bustani ipo. Alisema jana wakati wa kurudi, walipofika getini, Balozi alimwambia kwamba kuanzia sasa dada yake akimuuliza habari za kazi, azungumzie hali ya matairi. Basi. Hajaligusa tena.

Nikasema ajabu, sasa Balozi alijuaje kwamba ana dada?

Shemeji na mke wangu wakaangaliana. Mke wangu akanyanyuka, akaniwekea chakula. Chumvi akaileta mwenyewe, akanishika bega kidogo. Akasema, bila kunitazama, kwamba nilifanya vizuri.

Nikala.

Nimemuahidi, na ninaiandika hapa ili nisiisahau: sitatunga tena kitu chochote maishani mwangu.

Jumatatu, 17 Machi

Barua zinazoletwa ni hafifu mno. Nane kuhusu mashimo barabarani. Moja ya mtu anayemtafuta mbuzi. Hakuna hata moja kuhusu mambo ya nje. Hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi.

Ukurasa ulikuwa na pengo. Nimelijaza kwa barua fupi kutoka kwa "Mwananchi Mwenye Uchungu." Anasikitika kwamba gazeti limepoteza uchambuzi wa kina wa kimataifa tangu juma lililopita. Simchukulii kama nimemtunga. Mtu wa aina hiyo lazima yuko mahali, ila hana muda wa kuandika. Nimemsaidia tu.

Jumanne, 18 Machi

Ili mjadala usiwe wa upande mmoja, "Mwalimu Mstaafu" amemjibu Mwananchi Mwenye Uchungu. Anasema uchambuzi ule ulikuwa porojo. Anataja ule mkataba wa uvuvi na kuuliza nani aliwahi kuuona.

Nimemjibu kwa ukali, kama Mwananchi. Amerudi na hoja tano zilizopangika. Nimejaribu kuzivunja hadi saa ya kutoka kazini. Siwezi. Mzee ana akili. Nimefunga droo kwa kishindo na nimekwenda nyumbani nimekasirika, na mke wangu ameniuliza nani kaniudhi. Nimesema mtu mmoja tu, simfahamu vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Mkasi ameshuka mwenyewe hadi chumba cha tangi la maji! Mkononi ana ukurasa wangu. Nikajua yamenifika.

Hakuna lililonifika. Anampenda Mwalimu Mstaafu. Amesoma jibu lake mara mbili na hakuona pa kukata. Anasema huyo ni mtu mwenye kichwa, mtu wa ukweli, asiyekurupuka, ndiye gazeti lilikuwa linamkosa. Kamusi naye amekubali, isipokuwa amesema angependa kwanza kumpigia simu. Wanataka kumpa safu ya kila wiki, nusu ukurasa, mambo ya nje, na picha yake juu. Akaniuliza kama anwani yake ninayo.

Hapo ndipo ningesema. Nakiri mlango ulikuwa wazi.

Nikasema ninamfahamu Mwalimu vizuri sana. Mtu wa haya, hapendi simu. Lakini nitamleta Jumatatu saa nne. Mkasi akanigusa bega. Mara ya tatu katika maisha yangu! Akasema nikimleta huyo, tutazungumza upya kuhusu kiti changu.

Sasa ninahitaji Mwalimu Mstaafu mwenye umbo na suti kabla ya Jumatatu. Nimefikiri kwa makini, safari hii sikurupuki. Balozi yuko kwenye meno yake, gari limefunikwa turubai, na shemeji hana la kufanya wiki tatu. Ana suti nyeusi ya kazi. Sauti nzito. Miaka tisa amekaa karibu na diplomasia kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hasemi sana. Nani atamtilia shaka?

Nimempigia kumkaribisha chai kesho, mke wangu akiwa shuleni. Akauliza kama kuna shida.

Nimemwambia hakuna shida yoyote. Tena aje bila wasiwasi, sukari ipo.